Ulimgawia Kokila Kiswahili Chetu

Hansa, shoga yangu,

Nimerudi juzi kutoka kwa Kokila. Nilikwambia sitakanyaga kule, na nimekwenda, nawe hupo wa kunicheka.

Uliniaga hapa Kenton ukisema unakwenda kumtazama binti ami yako Kokila wiki tatu tu, upate jua la India, kisha urudi uendelee na matibabu. Wiki tatu zikawa miezi mitano. Kila ukipiga simu habari ni mtaa wake: maghorofa mapya pembezoni mwa Surat, mto Tapi unaonekana ukiwa jikoni, nyati wanapita chini ya dirisha kwenda kuoga. Mara unaniambia, "Kokila kanisuka." Mara, "Kokila kanipikia." Miaka thelathini nani alikuwa akikusuka? Tulitoka Mombasa wasichana, tukazeekea mtaa mmoja London, halafu mtu uliyemjua kwa barua tu ndiye akawa dada. Nikaanza kuiacha simu ilie. Wiki mbili za mwisho sikupokea hata moja. Mwanao ndiye aliyekuja mlangoni kunipa habari.

Kule nilikwenda kwa wivu, si kwa rambirambi. Nilitaka kuuona mtaa ulioninyang'anya. Nikaukuta wa kawaida: vumbi la ujenzi, lami inaisha na mashamba ya miwa yanaanza palepale, wanawake wameanika papadi, vile vichapati vikavu vya dengu, juu ya dari. Upepo wa mtoni ni mzuri, nakiri. Nikauchukia.

Kokila akafungua mlango, akasema, "Karibu, Mwanaisha. Kaa kitako."

Kiswahili, Hansa. Hicho kilikuwa chetu. Watoto wetu tukiwasemesha wanatujibu Kiingereza. Tulibaki wawili, nawe ukaenda ukamgawia yeye. Chai yake nikaiacha ikapoa.

Ndipo akanieleza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba homa ilipokuwa ikipanda Kigujarati kilikutoka kabisa. Ulisema Kiswahili tu, naye hakujua kama unataka maji au unaumwa. Akawa anayaandika maneno yako kwa herufi zao, homa ikishuka anakuuliza maana. Aliyapata yote isipokuwa yale uliyoyarudia siku ile ya kuondoka duniani. Akanisomea polepole: "Mwambieni Mwana asininunie." Alidhani ni dua.

Nikamwambia maana yake, na kwamba Mwana ni mimi, na kweli nilikununia.

Hakunilaumu. Alisema naye sasa ananionea wivu, maana yeye ndiye aliyekufuta jasho, na jina uliloita ni langu. Unajua nilihisi nini? Nilihisi nimeshinda. Naona haya kukuandikia hili, lakini wewe sijawahi kukuficha. Baadaye, bafuni kwake, nililia mpaka akagonga mlango.

Wivu haujaisha. Yeye alikushika mkono. Mimi nilikuwa naitazama simu ikilia.

Mwezi ujao Kokila anapasuliwa goti, na hana mtu nyumbani. Nimeomba likizo kazini nirudi kule. Nakuahidi nitakaa naye mpaka aweze kushuka ngazi mwenyewe.

Pumzika, Hansa. Na mimi na Kokila tukija kupendana, itakuwa zamu yako kuona wivu.

Wako,
Mwanaisha