Pikipiki Iliyofudikizwa Mchangani

Zahanatini, jirani na Lituhi,
Wilaya ya Mbinga.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua mama amekaa hapo pembeni anasubiri umsomee kwa sauti, kwa hiyo naye shikamoo yake hii hapa. Mgongo unasemaje? Na kile kikohozi, kimeisha au bado unakisingizia vumbi la alizeti? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na mwezi huu nimecheka kuliko mwaka mzima uliopita. Nakujua, barua huwa unaanza kuisoma mwisho uone kama kuna shida. Safari hii kama umeshausoma mwisho umejiharibia mwenyewe, rudi huku juu uanze upya. Shida ilikuwepo lakini imekwisha, na wewe ndiye uliyeimaliza ukiwa huko huko Singida bila kujua.

Unaikumbuka ile pikipiki kuukuu ya zahanati niliyokuandikia, ile nyekundu? Nilipofika hapa niliikuta stoo, kuku wametagia kwenye kiti. Niliifufua kwa yale uliyonifundisha karakanani kwako, wakati mama akisema mtoto wa kike atanuka petroli mpaka wachumba wamkimbie. Sasa ndiyo miguu yangu. Naifunga sanduku la chanjo nyuma, naingia vijiji vya ndani mpaka njia ya Litumbandyosi, na akina mama wakisikia mlio wake huko mashambani wanaweka majembe chini na kubeba watoto wao kuja mizani. Kwa miguu vijiji vile singevifikia hata nusu, na wajawazito wa kule wangeendelea kuniona kwa bahati tu.

Sasa zikaja habari kwamba vyombo vyote chakavu vya wilaya vinakaguliwa, na visivyofaa vitapelekwa Mbinga kupigwa mnada. Wewe mambo haya unayajua, baba. Tangu waufungue uchumi, sabuni na mitumba vimejaa hadi huku ufukweni, lakini cha serikali kikichakaa kidogo tu kinatafutiwa mteja. Tuliambiwa afisa usafirishaji, Bwana Kapinga, atafika kwetu Jumamosi. Niliogopa, sikufichi. Injini nilikuwa na imani nayo, ila matope ya safari nzima ya masika yalikuwa bado yameigandia mwilini.

Jumatano jioni nikamwambia mama mwenye nyumba wangu, Mama Osmunda, kwamba natamani Bwana Kapinga aikute pikipiki safi. Nilisema hivyo tu, kama mtu anavyosema natamani mvua isinyeshe. Nilipanga kuiosha mwenyewe Ijumaa. Alhamisi asubuhi nikapanda boti kwenda Lituhi kufuata mafuta ya taa ya jokofu la chanjo.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la watu wa huku. Mwanamke wa ufukweni anajulikana kwa matako ya sufuria zake. Asubuhi wanashuka ziwani na vyombo vyote, wanavisugua kwa mchanga mpaka masizi yote yatoke na bati lenyewe ling'ae, halafu wanavifudikiza mchangani vichuruzike maji. Ukipita na sufuria nyeusi utasemwa mpaka Jumapili. Na Mama Osmunda ni kiongozi wa kwaya ya Wakatoliki, hana dogo. Alimpa habari rafiki yake Mama Grace, wa kwaya ya Waanglikana, na huyo naye hakubali kupitwa kwa kazi njema.

Narudi mchana na dumu langu, boti bado haijagusa nchi kavu, naona kitu kinameremeta ufukweni katikati ya sufuria. Nikadhani ni bati jipya. Baba, ilikuwa pikipiki yangu. Imefudikizwa. Usukani na kiti viko mchangani, magurudumu yako juu yanaangalia mbinguni, na kwaya mbili zimeizunguka zimejifunga kanga viunoni, zinaimba. Walikuwa wameisukuma majini mpaka kwenye kiti na kuisugua kwa mchanga, Wakatoliki upande wa kulia, Waanglikana upande wa kushoto, kila upande ukitaka kung'aa kuliko mwenzake. Rangi nyekundu ilikuwa imekwenda yote, tangi limebaki chuma cheupe. Matairi walikuwa wameyapaka mawese yawe meusi.

"Dada Nesi, tumekumalizia kazi," akasema Mama Grace. "Na usihofu, maji yetu hayana chumvi. Hayali chuma."

Ningecheka pale pale, lakini pua yangu ilinusa petroli. Ilikuwa inadondoka kwenye kifuniko cha tangi na kuzama mchangani, na hatua chache kutoka pale bibi mmoja alikuwa anabanika samaki, moto unawaka vizuri kabisa. Nilipiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. Nikawaambia waache kila kitu, wamwondoe bibi kwanza, moto uzimwe kwa mchanga, na asiwepo wa kuwasha hata kiberiti. Walinitazama wameduwaa, maana huku wananijua kwa upole. Lakini walikimbia, na moto ukazimwa, na bibi akahamishwa na samaki wake akilalamika kwamba hawajaiva.

Tukaisimamisha. Nikafunga bomba la petroli, nikachomoa waya za betri. Mama Osmunda akauliza, "Sasa si uiwashe tu, joto lake liikaushe?" Mwingine akaona ni bora tulete jiko la mkaa tulisogeze chini ya injini. Hapo nikakusikia wewe, baba, na kile kitambaa chako begani, unavyotukaripia mimi na kaka Elia: kausha kwanza. Nikasema kama unavyosema wewe, kwa sauti ile ile ya kukera. Hakuna kuwasha, hakuna jiko, kausha kwanza.

Nilifungua plagi, nikafunga bomba la petroli tena kwa kuhakikisha, nikapiga kiki. Maji yakaruka kwenye tundu la plagi yakampiga Mama Grace kifuani. Kwaya zote mbili zikapiga makofi, na mimi ndipo nikaanza kucheka kweli. Kila nikipiga kiki wanashangilia, mpaka yakaacha kuruka. Nikamwaga oili, ikatoka nyeupe kama maziwa. Mwenye boti akanipa oili safi ya mashine yake, nikaisuuzia injini, nikaimwaga na hiyo, ndipo nikaijaza ya kukaa. Yote iliyomwagwa tulikinga kwenye dumu bovu, maana ziwa hili ndimo tunamochota maji ya kunywa.

Wale akina mama hawakuondoka. Walitaka kazi, kwa hiyo nikawagawia. Wengine walifuta kwa vipande vya kanga kuukuu, spoku moja moja. Wengine niliwapa sifongo ya chujio la hewa waifue kwa sabuni ya kipande, nikawasihi waikamue kwa kuibana tu, wasiinyonge kama nguo, na waianike kivulini. Mnyororo nilisugua mwenyewe kwa mswaki na mafuta ya taa kidogo, injini ikiwa haiwaki, na kila aliyetaka kusaidia kuuzungusha nikamtoa vidole. Niliwaambia ulivyopoteza ukucha wa kidole gumba, wakasikitika sana, wanakupa pole ya miaka hiyo yote.

Kilichonipa tabu ni breki. Ijumaa nilifungua magurudumu nikakuta mchanga umejaa mle ndani, na mawese yamechungulia mpaka ukingoni. Mama Osmunda akainama apulize kwa mdomo vumbi litoke. Nikamshika bega, nikamweleza kwamba vumbi la breki si la kuingiza kifuani, linafutwa kwa kitambaa kibichi na kitambaa kinatupwa. Matairi tuliyaosha kwa sabuni mara kadhaa mpaka mawese yakaisha. Hapo alinuna kidogo, maana mawese yalikuwa yake, ya kutoka Kyela, na aliyatoa kwa moyo. Nikamwambia mawese yangenilaza barabarani kwenye kona ya kwanza. Akachukua kitambaa akaanza kufuta upya tairi ambalo tulikuwa tumeshalimaliza.

Ijumaa jioni niliivuta kwa miguu kwenye njia tambarare, naminya breki taratibu, nasikiliza. Ilikuwa inakwaruza. Nikafungua tena, nikafuta tena, nikafunga. Safari hii ikanyamaza. Kuiwasha sikuiwasha mpaka Jumamosi asubuhi, kila kitu kilipokuwa kikavu, na baba, nilipopiga kiki haikuwaka. Nikapiga tena, kimya. Mama Grace alikuwa amefumba macho anaomba, na Mama Osmunda ameshika rozari yake. Ikawaka na kuzima. Halafu ikawaka na moshi mweupe mzito, ikakohoa kama wewe na alizeti zako, ikatulia kwenye mlio wake ule ule wa zamani. Nilitaka kuibusu.

Hatukumaliza hata kufurahi, gari la wilaya likaingia. Bwana Kapinga ni Mmatengo wa Mpepai, mfupi, hana maneno mengi. Aliizunguka pikipiki, akainama, akasimama.

"Pikipiki ya hapa ni nyekundu," alisema. "Nyekundu iko wapi?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia, Mama Osmunda akasogea mbele.

"Nyekundu iko ziwani, baba," akasema. "Tuliisugua sisi. Huyu binti hakuwepo. Kama kuna wa kuadhibiwa ni kwaya."

"Kwaya ipi?"

"Zote mbili," akasema Mama Grace.

Bwana Kapinga alipitisha kidole kwenye tangi, na mimi nikadhani amekasirika. Kisha akasema atapanda nyuma yangu, nimpeleke mpaka juu ya kilima na kumrudisha. Kupanda hakukuwa na neno. Kushuka ndiko nilikokuwa nakuogopa, maana njia ina changarawe na chini kabisa kwaya zilikuwa zimejipanga barabarani kutazama, hakuna aliyefikiria kusogea. Nilianza kuminya mapema kama ulivyonifundisha, mbele kidogo na nyuma zaidi, na ikasimama kwa adabu mbele ya vidole vya Mama Grace. Haikukwaruza.

Aliteremka, akajikung'uta suruali. "Nimekagua pikipiki nyingi zinazong'aa na hazisimami," alisema. "Hii imeoshwa vibaya, halafu ikaoshwa vizuri. Nani aliifanya hii ya pili?"

Nikamwambia nilifanya mimi na kwaya zote mbili, kwa mafunzo ya baba yangu aliyeko Singida. Akasema, "Ibaki. Ila itafutieni rangi kabla ya mvua, isije ikaliwa na kutu." Baba, nililia mbele za watu, na sikuona aibu. Akina mama walipiga vigelegele mpaka dereva wa wilaya akateremka kuuliza ni harusi ya nani.

Basi ndiyo habari yangu. Nisalimie kaka Elia, mshika spana wako, mwambie mimi sikupoteza ukucha. Msalimie shangazi Veronika anayeuza kuku stendi, na mke wa kaka Elia aliyejifungua juzi, mwambie kanga ya mtoto nimeshainunua, nailinda isigeuzwe kitambaa cha kufutia. Mama Osmunda anamsalimia mama kama dada yake, anatuma usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kwa mtu atakayepita Songea kuja huko. Mwambie mama pia kwamba petroli nanuka, ila hakuna aliyekimbia. Mwalimu mmoja wa hapa shule ndiyo kwanza anauliza kama anaweza kufundishwa kuosha mnyororo.

Limebaki jambo la rangi. Mafundi wa boti walitupa masalio yao, buluu na nyeupe, na tangi sasa ni la buluu. Huku hakuna chombo kinachokwenda kazini bila jina ubavuni, kwa hiyo wakasema nayo iandikwe. Wakatoliki walitaka mtakatifu, Waanglikana wakauliza kwa nini awe huyo, na ugomvi ulikuwa unakaribia. Mama Grace akaumaliza. Alisema liandikwe lile neno alilotupigia kelele Dada Nesi siku zote mbili, maana limetuuma wote sawasawa. Fundi akaliandika kwa herufi nyeupe, pande zote mbili: KAUSHA KWANZA. Jana nilipoingia kwenye kijiji cha mwisho kule juu, watoto walinikimbilia wakiita, "Kausha Kwanza amekuja, Kausha Kwanza amekuja," na nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunakucheka kwa neno hilo, baba. Hawakujui, lakini ni wewe wanayekuita.

Mwanao akupendaye, anayenuka petroli,
Salome