Daktari Aliniuliza Mbwa Yuko Wapi

Dada yangu Hadija,

Asalaam aleikum. Unaendeleaje? Magoti yamepoa, au bado yanakusumbua ukiinama kufua? Na watoto wanakusikiliza, au ndiyo mpaka uvue ndala? Siku zote hapa ndipo ninapokuandikia kwamba mimi huku sijambo, wasiwasi wangu ni nyinyi tu. Leo siandiki hivyo. Ni uongo, na kati yetu uongo umetosha. Mimi ni mgonjwa, Dada. Kaa kitako usome.

Barua hii nampa Mwanahamisi, yule binti wa Muheza anayekuja likizo. Kwenye simu siwezi. Nikianza tu utalia, au utasema mtandao unakatika, na mimi nakujua. Mtandao wako hukatika pale pale maneno yanapokuwa mazito.

Habari ya Mama hukunipa wewe. Nilipewa na mwanamke wa kwetu anayefanya kazi Khuwair, huku huku kwa Waarabu. Tulikutana dukani, nimetumwa ndimu, akanishika mkono akasema, "Pole shoga yangu. Na arubaini imekwenda salama?" Nikamuuliza, arubaini ya nani? Alivyobadilika uso nikajua kabla hajajibu. Ndimu niliziacha pale pale kaunta. Wiki zote zile nilikuwa natuma sauti za kumsalimu Mama, na wewe unanijibu, "Amezipokea, anakuombea dua." Amezipokea wapi, Dada?

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Kwetu aliye mbali haambiwi. Anasubiriwa mpaka arudi, akalishwe mkekani, apewe maji, ndipo aambiwe taratibu watu wamemshika mabega. Ni huruma, sikatai. Lakini mkataba wangu haujaisha, na mkeka huo uko Tanga. Mimi nimeambiwa nimesimama, mbele ya mwenye duka.

Tangu hapo sikuwa mtu. Chakula nakitazama tu. Usingizi ukija unakuja mchana, nimeshika pasi, mpaka nikaunguza kanzu ya kijana wa nyumba. Moyo unanienda mbio nimekaa tu, halafu naishiwa pumzi. Kulia silii. Hilo ndilo lililonitisha, maana unanijua mimi, naliliaga hata harusi za watu.

Bi Zuwena, mama ninayemfanyia kazi za nyumbani hapa Azaiba, akaona. Yule mama ni Mwarabu wa huku lakini kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu. Akaniita jikoni. "Mwanaidi, nnakuona huli. Nnakuona hulali. Kama ni mimi nimekukosea, sema." Nikamwambia, Bibi, moyo unaniuma. Akachukua ufunguo wa gari pale pale, na njiani nikamwambia habari ya Mama.

Sasa hapa ucheke kidogo, maana mbele hapachekeshi. Bi Zuwena alibaki nje anatafuta pa kuegesha gari, mimi nikaitwa kwa daktari peke yangu. Mwanamume, Mwarabu, Kiswahili hajui. Nikaona haya kujishika kifua mbele yake, nikaweka mikono mapajani, kichwa chini, nikakitoa Kiarabu changu cha jikoni: "Doktor, kalbi. Waja waid." Yaani moyo wangu, maumivu mengi. Akashtuka. "Kalb?" Nikaitikia. Akauliza wapi. Nikadhani anauliza ninapokaa, nikamjibu, "Beit. Azaiba." Yaani nyumbani, Azaiba. Basi nesi akaingia na sinia ya sindano, akapiga magoti, akaanza kunipandisha suruali anatafuta alama za meno!

Ndipo Bi Zuwena akafungua mlango, daktari akamuuliza habari ya mbwa. "Kha! Mbwa gani tena? Kwangu hamna mbwa!" Kumbe, Dada, moyo kwa Kiarabu unatokea huko ndani kooni, ni qalbi. Ukiutamka kwa mdomo wa Tanga kama mimi, kalbi, umesema mbwa wangu. Bi Zuwena akanigeukia. "Nyinyi watu wa bara mtaniua mie. Sema qalb, mwanangu. Qalb."

Nikajaribu. Qalb. Nesi akacheka, daktari akacheka, na mimi nikacheka, na kile kicheko hakikusimama, kikageuka kilio. Nililia pale hadi shela ikalowa. Daktari akaacha kucheka. Akanipima moyo, akasema moyo wenyewe hauna kitu. Akamwambia Bi Zuwena aniulize kama nimefiwa. Bi Zuwena hakuuliza. Akamjibu mwenyewe, "Mamake."

Daktari akaniandikia rufaa ya kwenda kwa daktari wa nafsi. Nilikataa! Nikasema mimi si mwendawazimu, nikirudishwa nyumbani na jina hilo nani atanipa kazi tena? Bi Zuwena akanijibu ndani ya gari, kwa ukali kidogo: "Mie nilipofiwa na mume nilikwenda huko huko. Una lipi la kuniambia?" Nikakubali kwenda. Na bila rufaa ile nisingeweza hata kufika mlangoni, bei yao ni ya wenye nazo. Ukiwa nayo unalipa sehemu ndogo, iliyobaki wanabeba watu wa kheri. Lakini vikao ni vichache, vikiisha ndiyo basi. Kwa hiyo usinitafutie mganga. Sijarogwa, nimefiwa.

Anayenisikiliza anaitwa Bi Rahma. Wazee wake walitoka Tabora, Kiswahili anakiongea na ile ghaini ya Waarabu, gh ya kooni. Nilidhani atanipa vidonge. Kumbe anauliza tu, halafu ananyamaza, na kunyamaza kwake kunakutoa maneno. Aliniambia, "Nieleze kuhusu mama." Nikamwambia Mama anapenda chai ya mchaichai, Mama hapendi watu wanaochelewa, Mama anafuga kuku wasiotaga. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Nani alimwosha?"

Sijui.

"Amezikwa wapi?" Sijui. Kando ya Baba, au kule kwa wajomba? Sijui. "Aliugua nini?" Sijui, Dada. Nilikaa pale kama mtoto aliyeulizwa somo asilofundishwa. Bi Rahma akasema, "Hujafiwa bado, Mwanaidi. Umeambiwa tu." Na kikao kikaisha. Kilichofuata kikawa vile vile. Vikao ninavyopewa kwa huruma za watu vinakwisha, na mimi bado nazungumza kana kwamba Mama yuko uani anapepeta mchele. Kila mtu kwetu anajua alivyokufa mama yangu, mpaka mwanamke wa dukani, isipokuwa mimi.

Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo, nisikudanganye. Lakini najua vilevile kwamba ulimuuguza peke yako, ukamzika, halafu ukakaa na simu unanitungia majibu yake kwa sauti ya mtu mzima. Sijui ulikuwa unalilia wapi. Pole, Dada. Hakuna aliyekupa pole kutoka huku, basi nakupa mimi.

Nifikishie salamu kwa shemeji, mwambie mguu wake autunze. Kwa mjomba Rajabu aliyetulea. Kwa mama mdogo wa Pangani, naye mwambie ajue kwamba najua, asianze tena kunong'ona pembeni nikipiga simu. Wanao nawabusu wote, na yule wa mwisho mwambie viatu vinakuja na Mwanahamisi.

Wewe niandikie, au nitumie sauti, ndefu uwezavyo. Anza siku alipolala kwa ugonjwa. Usiruke kitu, usinionee huruma. Nitaisikiliza mbele ya Bi Rahma, nimekaa, kuna mtu wa kunishika. Na kuna moja ambalo Bi Rahma hakuliuliza, nauliza mwenyewe. Mwishoni, aliniita? Kama aliniita, niambie alisemaje. Kama hakuniita, Dada, niambie hakuniita. Usinitungie.

Mdogo wako akupendaye, na hasira zake,
Mwanaidi