Yaya Paluku, Nilibakataa Mbele ya Bakwe

Yaya Paluku,

Naandika nikiwa nimeikala kwa meza yako ya kazi, pale ulikuwa unalainisha mbao na rabo, na nasikia haya hata kuandika jina yako. Weye mukubwa wangu ulinijua, miye siko mutu ya maneno mingi. Leo uniache nitoe yote.

Tangu ugonjwa ya mafigo ikutoe kwetu, atelier haiyafungwa. Muke yako alinipatia ufunguo, akasema: "Basoda ba bwana yangu basikose pa kuikala." Donc kila siku ya posho, samedi, basoda ba zamani, bale tulipigana nabo mu jeshi, bangali banakuya hapa Butembo, banaikala juu ya mbao, kila mutu anasema namna usiku yake ilipita. Sheria yako ingali vile vile: mutu akilala, hapana kumugusa. Unasimama kwa mulango, unaita jina yake na jina ya mama yake mpaka ajue iko wapi. Benzetu banasema nilikamata nafasi yako muzuri. Chef iko nguvu, banasema. Miye natikisaka kichwa tu. Ya kwangu sikuisema hata siku moja. Nasikilizaka ya bengine, naenda kulala, nakufa nayo.

Sasa sikia. Masika, binti yangu, ule ulikuwa unamubeba ku mabega, alipata muchumba, kijana wa kule Masereka. Bakwe balikuya kwangu kuleta mbuzi za mahari. Parcelle, kiwanja yote, ilijaa! Mama Masika alipika bugali na sombe, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari. Kasereka wetu wa atelier, ule wa Oicha, alikuya kama ndugu yangu, nikamupa kazi ya kupokea mbuzi. Miye niliikala kando ya muzee Mbusa, baba ya kijana, nimevaa veste, nikijiona mutu.

Motard moja akapita kwa barabara, pikipiki yake ikapiga échappement kama risasi: pa! pa! pa! Yaya, sikumbuke nilitoka kwa kiti namna gani. Nilijikuta chini, mu mavi ya mbuzi, nimemulalia muzee Mbusa juu, nimemufunika kichwa na mikono, napiga kelele na Lingala ya jeshi, balale chini: "Lala na nse! Lala na nse!" Kofia yake ilienda kule, kasiksi ilimumwangikia mu shati, mbuzi zikakimbia. Hakuna mutu alicheka. Kama hata moja angecheka, ingenisaidia.

Bakamuinua, bakamupanguza. Unajua batu ba kwetu: mbele ya ndoa banachunguza ukoo, kama kuna kichaa, kama kuna ugonjwa inafichwa. Muzee akaniangalia sana, akauliza pole pole, bote banasikia: "Baba Masika, weye uko mumoja wa bale basoda banaikalaka kwa atelier ya marehemu Paluku?"

Nikajibu: "Hapana, muzee. Ni quinine inanisumbua kichwa, natoka mu malaria. Bale batu ba atelier miye hata sibajue."

Hata sibajue! Na Kasereka iko pale pale, ameshika kamba ya mbuzi. Alifunga kamba kwa muti, akakamata kofia yake, akatoka. Hakukula. Miye nikabakia kuchekacheka na bakwe, nikibaongezea kasiksi. Nilisikia haya, ndiyo, mais niliona pia kama ndoa imepona, na nikafurahi. Njo hiyo inaniuma zaidi, Yaya. Nilifurahi.

Siku ya posho Kasereka hakukuya. Posho ingine, bule. Halafu muke yake akaniita kwa simu toka Oicha: bwana analala mu shamba ya kakao, hataki nyumba, hakuli, panga iko kando yake. Nilipanda gari mpaka Beni, toka Beni nikakamata pikipiki mpaka Oicha. Nilimukuta chini ya mikakao, ananipa mugongo. Nikasimama mbali, nikaita jina yake na ya mama yake. Nikaita tena. Mwisho akasema bila kugeuka: "Chef, siye tulikuwa tunaangalia weye. Kama weye umetukataa, siye tuko banani?"

Nikaomba pardon. Akakataa. "Hapana hapa mu kakao. Bile maneno ulibisema mbele ya mukwe wako, enda ubirudishe kule."

Ndoa ya mutoto, Yaya! Nilirudi nikimukasirikia, nasema mu roho, huyu anataka kuniharibia nyumba. Nikamuambia Masika, macho chini. Mutoto akanijibu: "Papa, toka niko mudogo, mama anakuamushaka na muti ya ufagio, iko mbali. Unazani batoto bako hatujue? Twende Masereka." Nililia mbele ya mutoto wangu, miye muzee muzima.

Tulienda batatu, na Kasereka. Nilisimama mbele ya ukoo yao, nikasema: ile quinine ilikuwa bongo, nilibadanganya. Miye niko wa atelier. Usiku napiga kelele, na huyu Kasereka ni ndugu yangu. Nilikuwa nangoja batuambie turudishe mbuzi zao.

Muzee Mbusa aliinamisha kichwa. Halafu akasema: "Baba Masika, sikukuuliza juu ya kukuchekelea. Mutoto wangu wa kwanza, Mumbere, alirudi toka jeshi, hatoke mu chumba. Bageni bakikuya, tunamuficha. Nilikuwa natafuta bale batu ba atelier. Na weye ukaniambia hubajue."

Ee Mungu wangu. Ningependa udongo inimeze pale pale.

Ndoa iko, Yaya, usiogope. Na posho hii Mumbere alikuya, baba yake amemushika mukono. Aliikala karibu na mulango, macho chini. Bote bakaniangalia, bakizani nitauliza bengine kama kila siku. Nikaanza miye. Nilibaelezea vita ya barabara ya Oicha, na namna Katembo mudogo, soda mwenzetu, alinikufia mu mikono, na namna nilimufunika kinywa adui basisikie, kumbe ilikuwa ananiita, miye sikujua. Ile hata weye sikukuambia. Weye ulikuwa pale ku vita, na sikukuambia. Nilipomaliza, Mumbere aliinua kichwa.

Basi, Yaya, pumuzika. Unisamehe kama unaweza. Nakuapia kitu moja: mutu akiniuliza tena kama nabajua bale batu, nitamutajia majina yetu bote, mbele ya bakwe, mbele ya padri, mbele ya nani, na nitaanza na yangu.

Mudogo wako,
Kakule