Shahidi Asiwe Mrithi

Shemeji,

Salamu. Sisi tupo. Cherehani yangu imepona, bati la jikoni bado linavuja, na kaka yako leo kamaliza supu yote akaomba tena.

Jumapili ulipokuja kumwona mgonjwa, ulisoma wosia wangu na wa kaka yako ukacheka. "Shemeji, mmeshuhudiana wenyewe kwa wenyewe! Mrithi akiwa shahidi, urithi wake haupo. Nyumba itarudi kwetu." Kisha ukaanza kupima kwa hatua chumba changu cha kushonea, mwenye nyumba anakutazama kutoka kitandani.

Ni kweli, tulikosea. Tulidhani hakuna shahidi bora kuliko yule unayelala naye kitanda kimoja. Nikaenda kwa wakili, naye akasema hujadanganya.

Basi jana tumeandika upya. Fundi viatu jirani yetu na muuguzi anayemchoma mgonjwa sindano, watu ambao hatuwaachii hata kijiko, walisimama pamoja kando ya kitanda. Kaka yako akatia saini wakimwona, nao wakatia zao akiwaona. Mimi nilifukuzwa nje kama kuku, nikatoka nacheka. Wosia wangu nao tukaufanya vivyo hivyo.

Ungefunga mdomo mpaka tumzike, nyumba ungeipata. Nilipomwambia hivyo kaka yako, alicheka mpaka akakohoa. Anasema ahsante kwa ushauri.

Ukija kumsalimu, karibu. Ukija kupima, ishia mlangoni.

Ni mimi, mke wa kaka yako. Mjane katafute kwingine.