Eda Juu ya Tishari

Baba Salimu,

Salamu sikupi, maana nimekukasirikia. Mtu hafi katikati ya kazi. Umeniachia pampu mbovu, paa linalovuja upande wa tezi, kule nyuma ya chombo, na jiko la makaa ulilosema utalitengeneza "kesho, Zuhura, kesho," tangu Hong Kong irudishwe kwa Wachina. Sasa kila asubuhi nakumba kwa kopo maji yaliyoingia chomboni kabla ya chai, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nimepiga magoti katika eda yangu. Na mwandiko huu ni wa darasa la watu wazima, ule uliokuwa ukiucheka. Usome hivyo hivyo.

Masika ya Guangzhou yamekuja bila wewe. Ni yale yale: kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu ukiutazama. Msufi wa ng'ambo ya mfereji umemwaga maua yake mekundu juu ya paa letu, nikamwokotea Mama Ling, jirani yetu wa chombo cha pili, ayachemshie supu. Bata wake bado wanalala omo kwetu, huku mbele, na kuchafua. Nawatukana kwa Kiswahili, wanaelewa.

Ulipokufa, wiki ile ya Mwaka Mpya wa Wachina, Salimu alituma maneno kutoka Dar kwa wanawake wanaokuja kununua nguo soko la Zhanqian: mama apande ndege, eda akaikalie kwangu. Nikawaambia, mwanamke hukaa eda nyumbani kwa mumewe. Nyumbani kwa mume wangu ni hapa, kwenye tishari hili la chuma tulilolinunua ulipoacha ubaharia, tukalibebea marobota ya watu miaka yote. Miezi minne na siku kumi, sitoki. Wakatazamana. Hawajaona mjane anayekaa eda na bata.

Katikati ya mvua wakaja watu wa mfereji na kofia zao za plastiki. Wanataka kuchimba tope, vyombo vyote viondoke, vikafungwe nyuma ya daraja la pili. Nikawajibu nyuma ya pazia: meiyo, hakuna. Neno lao wenyewe, lile wanalotujibu madukani. Wakaondoka, wakarudi na karatasi. Karatasi haisikii meiyo.

Mama Ling alikifunga chombo chake ubavuni mwa letu, akawasha injini, akatuvuta, mimi na nyumba yangu. Mimi nilikuwa ndani napika wali. Sufuria ilitikisika, basi. Nilipochungulia tulikuwa chini ya daraja, nikautafuta mkono wako kwenye usukani kama mjinga. Hapo nililia. Mara moja tu, usijivune.

Siku ya pili akaja Mwanakombo, yule mfanyabiashara wa Mombasa mwenye mdomo. Hata viatu hajavua. "Bi Zuhura, eda imevunjika. Umehama." Nikamwuliza, nimehama mimi au imehama nyumba? Akasema ni mamoja. Nikamwambia, wewe eda ya mume wako wa kwanza ulikaa siku arubaini ukaenda kucheza harusini, kwa hiyo keti unywe chai. Hakuketi. Alikwenda msikitini kumwuliza imamu, yule mzee wa Kichina aliyekuzika. Imamu akauliza jambo moja: ameweka mguu nchi kavu? Akaambiwa hakuweka. Basi, akasema, yumo nyumbani mwake. Mwanakombo aliniletea jibu hilo na mfuko wa tende, akanywa chai kimya, jambo ambalo wewe hukujaaliwa kuliona.

Kesho eda inaisha. Keshokutwa Salimu anatua na tiketi ya kunirudisha. Anasema mama hawezi kuzeeka majini peke yake, ameshanipakia chumba rangi. Rangi nzuri, atie mpangaji. Nimemzaa mimi, nitamwambia usoni: hapa baba yako alikuwa bwana wa kitu chake, na mimi bibi wa kitu changu. Kwako nitakuwa wa kulinda watoto na kuulizwa kama nimekula. Mizigo ya wanawake wa Zhanqian nitaibeba na Mama Ling, yeye usukani, mimi maneno. Tumeshakubaliana kwa vidole.

Sikukuzika, mume wangu. Walikuzika wanaume. Mimi nilibaki nyuma ya pazia nikisikiliza nyayo zao zikikushusha kwenye ubao wa kushukia, na sijui hata umelala chini ya mti au juani. Kesho nitaoga, nitabadili nguo, nitashuka nije nikuone. Nitakusomea, nitakung'olea majani, nitakusema kidogo.

Mungu akupanulie hapo ulipo. Nami nakuahidi: kila Ijumaa nitakuja, lakini nitarudi kulala kwenye tishari. Siku nitakayolala nchi kavu, nitakuwa kando yako.

Mkeo,
Zuhura