Kwa Mariamu, Aliyebomoa Ukuta wa Banda

Somo yangu Mariamu,

Ndui imenipita. Uso wangu sasa umekuwa na mashimo kama wako, na watu wa Temeke huniita mwenye mashimo, kama walivyokuita wewe, wakidhani wananitukana. Mie naitika. Zamani usomo wetu ulikuwa wa jina tu, wewe Mariamu wa Kizaramo, mie Maria wa misheni kule Masasi. Sasa hata ngozi zetu ni somo.

Kesho nakwenda mahakamani. Nimekuwa nikiyapanga maneno kichwani kama nitakavyomwambia hakimu, na hakuna wa kunisikiliza ila wewe. Basi nisikilize, na nikikosea unisahihishe, kama ulivyokuwa ukinisahihisha Kiswahili changu cha bara.

Nitaanza na banda. Lilikuwa ghala la mbata, nazi kavu, hapa Temeke, mwenyewe akalitelekeza, wasio na pa kulala wakaingia mmoja mmoja. Wachukuzi wa bandarini waliotolewa vyumbani, wajane, wagonjwa waliofukuzwa na wenye nyumba, na mie niliyeachwa na mume stesheni. Ukuta wa fito na udongo, juu makuti. Tulilala mgongo kwa mgongo, mmoja akigeuka safu nzima inageuka. Wewe ndiye uliyenisogezea mkeka siku ya kwanza, ukaniuliza jina, ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Kisha akaja na homa yule mchukuzi tuliyemwita Pandu. Wengine walisema ni malaria. Wewe ulimfungua kinywa, ukatazama ulimi. Halafu ukaniambia, "Hii ni ndui, somo. Mie ilishanila nikiwa mtoto, hairudi kulamba sahani. Nyie wengine kaeni mbali."

Tungekaa mbali wapi? Ulitundika magunia kwenye kona, ukawalaza Pandu na wengine walioshikwa juu ya majani ya mgomba ili ngozi zao zisigande kwenye mkeka. Mtu mmoja aliposema wagonjwa watupwe nje wafie porini, akaanza kumburuta Pandu mguu, ulimpiga kofi akaangukia moto wa jikoni. Ndipo uliposikilizwa.

Bwana afya alikuja na sindano akiwa na askari. Wewe ulitembea kati ya watu ukiwaomba wachanjwe, ukiwaonyesha uso wako. Wengi walijificha, maana uvumi ulikuwa kwamba chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Mie pia nilikimbilia kwenye vichaka, unajua. Siku ya pili mlango ukafungwa kwa waya kutoka nje, akawekwa askari wa kulinda. Chakula kikawa mihogo ya kurushwa dirishani. Maji yakawa hayaji. Mama Chausiku alipopenya dirishani kwenda kisimani, majirani walimpiga mawe, akarudi amefumbata meno yake mwenyewe. Baada ya hapo dirisha nalo likapigiliwa mbao, ukaachwa mwanya wa kupitisha mihogo tu.

Hayo yote uliyaona. Ninayaeleza kwa utaratibu kwa sababu ya Mshamu.

Mshamu muuza nazi, yule ambaye nyumba yake inatazamana na kisima. Mwanawe Idi alishikwa na ndui, akafa. Asubuhi ile yeye na majirani walimzika, na kutoka makaburini hawakurudi kwenye matanga. Walikuja kwetu, majembe yao yakiwa bado na udongo wa kaburi la mtoto. Askari wetu alivua kofia, akaiweka kwapani, akaondoka kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine.

Walitia moto makuti. Somo, sauti ile bado ninayo masikioni: siyo ya moto, ya watu wanaosukuma mlango uliofungwa waya. Walirundikana pale, wa mbele wakabanwa mpaka wakaacha kupiga kelele. Wewe hukwenda mlangoni. Ulichukua mchi wa kutwangia, ukaugeukia ukuta wa upande wa wagonjwa. Ulipiga, udongo ukadondoka, fito zikatokeza kama mbavu, ukazivunja kwa mikono. Nywele zako zilikuwa zinaungua. Nilikupiga kitambaa kichwani, ukanisukuma, ukasema nimshike Pandu.

Pandu alitangulia kutoka, alikuwa ameanza kupata nafuu. Walikuwa wanamngoja. Walimkata jembe la shingo hata hajasimama sawasawa. Ukaona, ukatoka wewe, na mchi wako. Ulimvunja mtu goti, nililisikia. Wengine wakarudi nyuma hatua kidogo, akabaki Mshamu mbele yako, macho mekundu ya kilio.

Ukamwambia, "Mshamu, mwanao nimemlilia. Na hawa ni wa watu."

Akakupiga. Hukuanguka mara moja. Ulikaa chini polepole, kama mama aliyetoka kuchota maji akatua ndoo, damu ikakufunika uso wote. Lakini ulikuwa umekwisha kutupa nafasi, na sie tukatoka tukikuruka, wanaoungua na wasioungua, tukatawanyika.

Hawakuniacha nikuoshe. Kila aliyetoka bandani aliogopwa, hai au maiti. Waliwatia maiti wote katika shimo moja chini ya mikorosho, wakamwaga chokaa. Nilitazama kwa mbali, nikajua ni wewe kwa kanga yako.

Sasa sikia usiyoyajua. Walitaka kuiteketeza ndui, wakaipa miguu. Tulikimbilia Buguruni, Mwananyamala, Kinondoni, wengine hapa hapa Temeke, kila mmoja kwa ndugu au kwa mtu wa kwao, na ndui mwilini. Ikaingia nyumba zilizokuwa zikinong'ona kwamba banda lile limepata linalostahili. Mie ilinilaza Kinondoni, kwenye kibanda cha kutengwa, nikaomba kufa na sikufa. Niliporudi Temeke, nilikuta milango iliyofungwa na watoto wasio na mama.

Waliopona wakawa wanaitwa kuuguza, kwa kuwa ndui hairudi. Nikaitwa huku na huku. Nilifanya ulivyofanya: majani ya mgomba, mafuta ya nazi, maji kwa kijiko. Siku moja akaja mwanamke akapiga magoti mlangoni kwangu. Alikuwa mke wa Mshamu. Binti yao Zuhura ameshikwa, ndiye pekee aliyebaki.

Nilikwenda, somo. Njia nzima niliitazama mikono yangu, na sikuwa na hakika itafanya nini ikifika. Mshamu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza, "Yule uliyemuua, aliitwa nani?"

Hakujua. Akasema, "Yule mwanamke mwenye mashimo."

"Mariamu binti Shomari," nikamwambia. "Sasa nipishe."

Mtoto alikuwa amevimba mpaka macho hayaonekani. Nilikaa naye mpaka magamba yakakauka. Baba yake aliniletea maji, akayaweka chini mbali nami, akarudi mlangoni. Kuna siku alijikunyata ukutani akalia, na mie nilimtazama nikatamani mchi. Sikudanganyi.

Zuhura alipoweza kula uji mwenyewe, nilitoka nyumba ile nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Wakasema banda liliungua kwa moto wa jikoni. Nikasema hapana. Wakasema wasio na makazi hufa kila siku. Nikakaa sakafuni. Wakanitoa kwa teke, kesho yake nikarudi nikakaa tena, mpaka mkubwa wao akachoka na uso wangu, akaamuru Mshamu akamatwe.

Jana mkewe alikuja na kuku wawili. Akasema, "Umemponya mtoto, Maria. Mponye na baba yake. Sema hukuona vizuri kwa moshi."

Nilimpokea, nikamkalisha, tukalia pamoja, maana Idi alikuwa mtoto mzuri na alikuwa akituimbia akipita kisimani. Kisha nikamrudishia kuku wake. Nikamwambia moshi ulikuwa ndani, wewe uliuawa nje, juani.

Wanasema huenda atanyongwa. Sijui nitajisikiaje. Sitafurahi, nadhani. Lakini kifo cha mtu aliyetutoa motoni hakiwezi kuandikwa moto wa jikoni.

Nakuaga, somo yangu. Mungu wako na wangu wakupe mahali pana pa kulala, pasipo mgongo wa mtu. Kesho nitasema yote niliyoyaona, sitaongeza na sitapunguza, hata mama Zuhura akinitazama. Na nikitoka huko, vyovyote watakavyoamua, nitapita kwake kumpaka binti mafuta, kwa sababu jicho lake moja bado halijafunguka.

Wako,
Maria