Programu Uliyoniambia Niiruhusu

Singida mjini,
14 Oktoba 2007

Kaka Bonaventura,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, wifi Winfrida na watoto, na kwamba kifua kilichokuwa kinamsumbua Dina kimepona kabisa. Huku tu wazima. Mama alikuja kutoka Issuna Jumatano akaniletea mlenda mkavu na jogoo, akalala siku mbili. Mvua bado haijanyesha. Watu wanasafisha mashamba huku wanatazama juu.

Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana siku hizi tunaandikiana kwa kompyuta. Nimeandika kwa mkono kwa sababu maneno haya nataka yasomwe na wewe peke yako. Tafadhali soma mpaka mwisho, usiruke mstari.

Unamkumbuka Jenipher, yule binti wa Kinyangiri niliyemwajiri kuchapa pale dukani. Mwezi wa sita alikuwa kwenye kiti chake alipoingia Mzee Lazaro na wenzake wanne wa kamati ya ardhi ya Issuna. Walikuwa na malalamiko ya kuchapishwa. Kampuni ya mibono ilikuwa inataka eneo lote la malisho na mashamba yanayopakana nalo, ikisema mbegu za mibono zinatoa dizeli na dunia nzima inazitaka. Waliahidi kisima na zahanati. Wazee walipoomba ahadi hizo ziandikwe kwenye mkataba, waliambiwa kwamba hayo ni mambo ya kuaminiana.

Kaya kumi na mbili zilikuwa zimekataa. Barua ilitaja majina yao moja baada ya jingine, na sababu ya kila mmoja. Jenipher alikosea mahali pamoja tu: badala ya eka 430 aliandika 340. Mzee Lazaro aliliona kosa kwenye kioo cha kompyuta, likasahihishwa hapohapo, kabla hata karatasi moja haijatoka kwenye printa.

Siku nne baadaye, barua ikiwa bado iko kwa Mzee Lazaro inasubiri saini, ofisa wa ile kampuni aliingia kijijini na gari. Alipita kwenye zile kaya kumi na mbili tu, kwa mpangilio uleule wa barua, kama mtu anayeita mahudhurio darasani. Halafu kwenye mkutano akasimama akasema anajua kuna watu wanalalamikia eka zao 340. Kaka, 340! Namba ambayo haikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Mzee Lazaro alikuja dukani na hakukubali kukaa. Aliniambia, "Scola, tulikuja kwako kuchapa. Hatukuja kutangaza." Kisha akatoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakupigia simu wewe. Ningempigia nani mwingine? Kompyuta uliileta wewe, na mambo hayo unayajua wewe. Uliniuliza nani alichapa lile kosa, nikakujibu ni Jenipher. Ukasema basi jibu ninalo, nimwondoe huyo msichana kabla hajaniharibia jina. Nikakueleza pia habari ya kile kidirisha. Mwezi wa tano, virusi vilipofuta barua za parokia, fundi Zefania aliniwekea programu ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita faiawoli. Kila nilipounganisha simu na intaneti ilikuwa inaniuliza swali lilelile: kuna programu inataka kutoka nje, uiruhusu au uikatae? Nami kila mara nilikuwa nairuhusu tu ili kazi iendelee. Ukaniambia nikusomee jina lake, nikakusomea herufi kwa herufi. Kisha ukacheka, ukasema hayo ni mambo ya ndani ya Windows yenyewe, nibonyeze kuruhusu na niweke alama isiniulize tena.

Niliweka ile alama. Kesho yake asubuhi nikamfukuza Jenipher.

Aliniambia, "Dada, niapishe kwa chochote unachokiamini." Nilimjibu kwamba waongo ndio wepesi wa kuapa. Alichukua sweta lake msumarini akaenda zake, na maneno yakamfuata hadi Kinyangiri: huyu ndiye aliyeuza siri za wazee wa Issuna. Mchumba wake alirudisha nyuma habari za posa. Hayo yote nilikuwa nayasikia na nikawa najisifu kwamba nimesafisha duka langu.

Mwezi wa nane kamati ilirudi. Walinipa nafasi ya pili, kaka, watu ambao niliwaaibisha. Safari hii nilifunga mlango nikachapa mwenyewe, vidole vyangu hivi, hakuna mtu mwingine chumbani ila Mzee Lazaro. Barua ilieleza siku ambayo ujumbe wao ungekwenda Dodoma na basi watakalopanda. Pia ilitaja kwamba Bibi Raheli ni mjane, kwamba wanawe wote wako Mererani, na kwamba hana mtu wa kumsomea karatasi, hivyo serikali imlinde.

Siku ya safari, ofisa yuleyule alikuwa anawasubiri stendi na gari la kampuni, anawaita wazee kwa majina yao, anawaambia Dodoma ni mbali, twendeni kwanza tukazungumze. Wawili wakaogopa wakarudi nyumbani, na safari ikafa. Siku mbili kabla ya hapo watu wake walikuwa wamekwenda kwa Bibi Raheli. Walimpelekea kanga, sukari na msomaji wao wenyewe. Huyo msomaji akamsomea aliyotaka kumsomea, na Bibi akaweka dole gumba. Alidhani anaandikishwa kwa ajili ya kisima. Sasa karatasi inasema ametoa shamba lake la uwele, na kaburi la mumewe liko humohumo.

Nani aliwaambia hana wa kumsomea? Sentensi ile niliiandika mimi ili imlinde. Wao waliigeuza ikawa ramani ya kumfikia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Jenipher hakuwa na kosa, maana safari hii hakuwapo. Mzee Lazaro asingejiuza mwenyewe. Alibaki nani chumbani? Mimi na ile mashine.

Nilimwita Zefania. Alifungua orodha ya programu zinazoendelea kufanya kazi kimyakimya ndani ya kompyuta, zile ambazo mtu hazioni mezani. Mimi nikawa nasoma, yeye anaandika kwenye daftari. Zilifika thelathini na moja. Nilipoona jina baya nilikuwa naruka, "Hii hapa!" naye ananituliza. Alisema jina geni si hatia, na jina zuri si ushahidi. Mgambo humjui kwa sare, alisema, maana sare mtu anaweza kushona. Uliza analala wapi, na aliingia kijijini lini. Kwa hiyo kila moja tuliitafuta iko kwenye folda gani, nani kaitengeneza na iliwekwa tarehe gani, tukawa tunakata mstari. Jina lililonitisha kuliko yote lilikuwa la printa. Mengine ni ya sauti, ya saa, ya kuzuia virusi.

Ikabaki moja. Jina lake lilikuwa kama la programu halali ya Windows, ila herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Ile halali ilikuwa kwenye folda ya mfumo. Hii ilikuwa imelala kwenye folda ya mchezo wa karata. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inaomba ruhusa ya kutoka.

Zefania alikata simu ya intaneti, akafungua ukurasa mtupu, akaniambia niandike chochote. Nikaandika: Jenipher nisamehe. Kisha akafungua faili moja lililofichwa, na hapo chini kabisa nikayakuta maneno yangu, Jenipher nisamehe, pamoja na herufi nilizokosea na kuzifuta. Juu yake kulikuwa na kila kitu kilichowahi kuchapwa kwenye duka langu: barua za watu kwa waume zao, maombi ya kazi, majina kumi na mawili ya Issuna, na ile 340. Programu ile ilikuwa inarekodi kila kitufe kinachobonyezwa, na kila intaneti ikiunganishwa inatuma kwa mtu. Iliingia tarehe nane Aprili, saa nane mchana. Ilikuwa Pasaka.

Pasaka tulikuwa pamoja mezani kwangu, mimi, mama na wewe, na wewe uliomba ufunguo wa duka ili ukaniwekee karata.

Na anwani inayopokea, kaka, niliijua kabla Zefania hajamaliza kuisoma. Niliifungua mimi mwaka 2003 ulipokuwa unatafuta kazi. Hata neno la siri nililichagua mimi, jina la yule ng'ombe dume wetu mwekundu.

Nami nina la kukiri. Nililijaribu neno lile la siri, anwani ikafunguka, nikasoma barua zako. Sikupaswa, na sitajitetea. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hao washauri unaowafanyia kazi Dar wanaishauri kampuni ya mibono, na kwamba wewe ulikuwa unayapeleka maneno yetu kwa bosi wako ukiandika, "Chanzo changu Singida ni cha uhakika." Chanzo! Mimi nina jina, kaka. Mwezi wa saba ulipopandishwa cheo tulichinja mbuzi Issuna kumshukuru Mungu. Mzee Lazaro ndiye aliyekuombea, na Bibi Raheli alikula nasi.

Nimejaribu kukutafutia sababu. Labda mwanzoni uliiweka ili unilinde na mfanyakazi mdanganyifu. Kama ndivyo, sema. Lakini siku niliyokusomea lile jina ulijua ni nini, ukacheka, na ukaacha msichana asiye na kosa abebe mzigo wako.

Kinyangiri nimekwenda. Jenipher alikuwa anapepeta uwele. Baba yake, mzee Simeoni, alinipa kigoda, lakini Jenipher hakuinua uso. Nilieleza yote mbele yao. Jenipher akasema kazi yangu haitaki, anataka barua yenye saini yangu isomwe kanisani kwao kwamba yeye si mwizi wa siri. Niliiandika hapohapo.

Kamati nayo iliandika barua yake ya tatu kwa mkono, na ikafika Dodoma bila mtu kuwasubiri stendi. Tarehe sita mwezi huu mkutano wa kijiji ulikaa. Ofisa wa kampuni alikuwa anababaika, hakujua wazee wameandika nini. Watu walinyoosha mikono, wakakataa. Malisho yamepona. Limebaki shamba la Bibi Raheli, maana dole lake liko kwenye karatasi.

Baraza la ardhi litasikiliza shauri lake Jumatatu tarehe 29. Mimi ni shahidi. Nitakwenda na lile faili nimeliprinti lote, nitasema kompyuta ni yangu, kidole kilichoruhusu ni changu, na anayepokea ni kaka yangu wa tumbo moja. Ningependa jina lako ulitaje wewe mwenyewe kabla yangu, na umsemee Bibi kwamba alidanganywa. Sina la kukulazimisha.

Mama anajua. Jumatano nilimsomea barua zako, akaniambia nirudie, nikarudia. Hakulia. Wasalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Mama anasema na yeye anakusalimu. Ameniagiza nikuambie kwamba siku ya baraza atakuwa amekaa na Bibi Raheli, na ukiingia usimwamkie yeye kabla hujamwamkia Raheli.

Ni mimi mdogo wako,
Scola